Jinsi Mchezo Unavyoficha Hadithi Yake ili Mchezaji Aitafute

Wako wazazi na walimu wanaodhani ya kwamba michezo yote ya kompyuta ni mamoja, yaani kupiga bunduki na kufukuza mpira. Walakini iko aina moja isiyofanana na hiyo, nayo ndiyo nitakayoieleza hapa. Ndani yake mna hadithi ndefu kama kitabu kinene, tena haisimuliwi waziwazi. Mchezaji huipata kwa kuitafuta, kipande leo na kipande kesho. Nataka kueleza jinsi hadithi hiyo inavyofunuliwa, na kwa nini jambo hili latuhusu sana sisi tuliokulia karibu na soko la Kariakoo.

Katika michezo hii mchezaji huvaa nafsi ya mtu mwingine. Aweza kuwa askari wa mfalme, mchawi, au mwana wa mfalme aliyefukuzwa katika kiti chake, naye husafiri katika nchi ya njozi yenye mazimwi na majini. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani, uitwao Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, nao ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Haukuhitaji umeme hata kidogo. Watu walikaa mezani na karatasi, penseli na dadu. Mmoja wao alikuwa msimulizi, naye peke yake ndiye aliyeijua nchi yote na siri zake. Mchezaji akisema, "Naufungua mlango ule," msimulizi humwambia kilichomo. Asipoufungua, haambiwi neno. Dadu nazo huamua kama jambo alilojaribu limefaulu au limeshindwa.

Jambo hili si geni kwetu. Mtu asemapo "Kitendawili!" nasi tukajibu "Tega!" huwa amekwisha tuonyesha mlango uliofungwa. Tukishindwa kuufungua, hatupewi jibu bure. Mtegaji hutuambia "Nipeni mji," nasi hatuna budi kumpa mji tuutakao, awe Bagamoyo au Tabora, ndipo atufumbulie. Wazee wetu waliona ya kwamba jibu lililotafutwa kwanza, au lililolipiwa, hukaa kichwani kuliko jibu lililomwagwa tu. Watungaji wa michezo ninayoieleza wanafuata kanuni hiyo hiyo.

Michezo ilipohamia katika kompyuta, msimulizi wa mezani hakuwapo tena. Ikawabidi watungaji watafute njia nyingine za kuisema hadithi. Njia hizo ni nyingi, lakini zilizo kubwa ni nne.

Njia ya kwanza ni vinywa vya watu. Mchezaji aingiapo katika mji wa mchezo hukuta wauza duka, walinzi, wazee na watoto, na kila mmoja anajua kidogo. Mlinzi amesikia uvumi, mzee anakumbuka vita vya zamani, mwenye duka anaogopa njia fulani. Mchezaji asiyewasemesha huendelea na safari yake bila kujua kwa nini watu wale wana huzuni.

Njia ya pili ni vitabu. Katika mchezo wa Skyrim, uliotoka mwaka 2011, mna mamia ya vitabu vilivyowekwa juu ya rafu na meza za nyumba za nchi ile, na mchezaji aweza kuvifungua akavisoma ukurasa kwa ukurasa. Vingine ni historia, vingine hadithi, na vingine humwongezea msomaji ustadi katika mchezo wenyewe. Jambo la kupendeza ni kwamba vitabu hivyo havikubaliani. Kimoja chamsifu mfalme fulani na kingine chamlaumu. Hapana mtu aambiaye mchezaji kipi ni kweli. Lazima apime mwenyewe, kama tufanyavyo darasani katika somo la Historia.

Njia ya tatu ni vitu. Katika mchezo wa Dark Souls, uliotoka Japani mwaka 2011, mchezaji huonyeshwa mwanzoni hadithi fupi, kisha huachwa katika nchi iliyo kimya. Lakini kila pete, upanga au vazi analookota lina maneno machache yaliyoandikwa juu yake. Mathalani, msituni mna kaburi moja kubwa linalolindwa na mbwa mwitu wa ajabu aitwaye Sif, ashikaye upanga kinywani. Mchezaji hana budi kupigana naye ili apate pete fulani. Mbwa huyo akiisha kujeruhiwa vibaya huanza kuchechemea, wala hakimbii. Maneno ya pete yanamtaja Artorias, shujaa aliyesifiwa nchi nzima kwa kulishinda giza. Baadaye, katika sehemu iliyoongezwa mwaka 2012, mchezaji hurudi nyuma katika zama za Artorias, akaona ya kwamba shujaa yule hakushinda kabisa, bali alishindwa na giza lile. Na kabla ya kushindwa aliiacha ngao yake imkinge Sif, aliyekuwa bado mdogo. Hapo ndipo mchezaji anapofahamu kwamba yule aliyedhani ni adui alikuwa akililinda kaburi la bwana wake. Hakuna aliyemhubiria. Aliunganisha vipande mwenyewe, na kwa hiyo majuto ni yake mwenyewe.

Njia ya nne ni mahali. Daraja lililovunjika, mifupa mitatu nyuma ya mlango uliofungwa kwa ndani, sanamu lililokatwa kichwa: hivi vyote husema bila maneno. Mwenye macho huuliza nani aliufunga mlango ule, na kwa kumwogopa nani.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kujisumbua hivi? Si afadhali kusimulia moja kwa moja? Hidetaka Miyazaki, Mjapani aliyeongoza kazi ya kuitunga Dark Souls, amepata kueleza ya kwamba alipokuwa mtoto alisoma vitabu vya Kiingereza vilivyomzidi kimo, na sehemu asizozifahamu alizijaza kwa fikira zake mwenyewe. Ladha ile ndiyo aliyotaka kuwapa wachezaji. Nani katika sisi asiyeijua hali hiyo? Tulitoka shule ya msingi tukiwa tumesoma kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza na kukuta vitabu vya Kiingereza vyenye mashimo katika kila ukurasa. Tulisoma neno tunalolijua, tukaruka tusilolijua, na katikati tukakisia. Wengine walikata tamaa, na wengine wakapata tabia ya kutafuta. Ni tabia hiyo hiyo ambayo michezo hii huitaka.

Lakini haifai kusifu tu. Njia hii ina hatari yake: kilichofichwa sana huenda kisionekane kamwe. Katika vibanda vya gemu vya Kariakoo na mitaa ya jirani, mchezaji hulipa kwa muda, na kwa sababu hiyo mchezo unaopendwa ni mpira wa miguu, ambao mwanzo na mwisho wake ni dakika chache. Mchezo wa hadithi ndefu haukai vizuri katika kibanda. Kila dakika ya kusoma maandishi juu ya pete ni fedha inayokwenda, na wenzako waliopanga foleni nyuma yako wanapiga kelele kwamba ubonyeze upite. Tena maandishi yenyewe ni ya Kiingereza. Basi kijana hubonyeza na kupita, akaua mbwa mwitu, akachukua pete, wala hajui amemwua nani. Hadithi ilikuwako mbele ya macho yake, lakini haikumfikia.

Naona ya kwamba ndivyo tunavyopita katika mji wetu pia, ingawa humo hakuna anayetudai fedha kwa dakika. Tuchukue zile njia nne tukazijaribu Kariakoo.

Kipande cha kwanza ni jina lenyewe. Kila siku maelfu ya watu hulitamka kwa makondakta wa daladala, na wengi hawaulizi limetoka wapi. Jina hili ni maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaliyogeuzwa na ndimi zetu. Ndilo lililokuwa jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliitwaa Dar es Salaam mwezi wa Septemba mwaka 1916, na wapagazi hao waliwekwa hapo ambapo leo pana soko. Katika vita vile ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, na barabara zilikuwa chache, kwa hiyo chakula na risasi vilichukuliwa juu ya vichwa vya watu. Wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi, njaa na uchovu.

Kipande cha pili kiko mbali kidogo. Kutoka Kariakoo mtu aweza kwenda kwa miguu kupita Mnazi Mmoja mpaka Posta, naye atalikuta Sanamu la Askari katika Barabara ya Samora, lililowekwa mwaka 1927. Ni askari mmoja wa shaba, bunduki mkononi. Wengi wetu tumelipita tukiwa ndani ya basi. Lakini chini yake yako maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu pia. Anayeshuka na kusoma ataona kwamba maandishi hayamkumbuki askari peke yake. Yanawataja wapagazi pia. Basi mbona mpagazi hana sanamu hapo juu?

Kipande cha tatu kiko Nairobi. Huko nako kuna mtaa uitwao Kariokor, kwa asili hiyo hiyo, na huko sanamu la ukumbusho wa vita lina watu watatu, mmoja wao akiwa ni mpagazi. Yaani jambo lisiloonekana Dar es Salaam laonekana Nairobi, kama vile maneno ya pete moja yanavyofumbuliwa na mahali pengine kabisa katika mchezo.

Tukiviunganisha vipande vitatu tunapata hadithi ambayo hakuna bango lolote linaloisema yote. Katika mji wetu askari alipewa shaba, mpagazi akapewa neno moja katika maandishi, na jina la soko likabaki kuwa kumbukumbu yake kubwa. Wanunuzi na wauzaji wanamtaja kila asubuhi bila kujua kwamba wanamtaja.

Liko tofauti moja kubwa kati ya mchezo na mji. Katika mchezo pete haiozi. Ukiikosa leo utaikuta kesho. Katika mji vipande hupotea. Jengo la soko kuu, ambalo mchoraji wake ni Beda Amuli na lililofunguliwa mwaka 1975, lina mapaa yaliyo kama miavuli mikubwa iliyopinduliwa ili ikinge maji ya mvua. Nalo liliungua kwa moto mwezi wa Julai mwaka 2021. Nyumba za zamani za chini zinabomolewa na maghorofa yanapanda mahali pake. Wazee waliokaa barazani mwa nyumba hizo wamehamia Mbagala na Gongo la Mboto, au wamefariki dunia. Kila mmoja wao alikuwa kama yule mtu wa mjini anayengoja kusemeshwa.

Je, sisi Waafrika twaweza kutunga michezo ya namna hii kwa hadithi zetu? Jibu limekwisha tolewa. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, nchini Kamerun, ilitoa mchezo uitwao Aurion, unaomhusu mwana wa mfalme Enzo na mkewe Erine waliopinduliwa na shemeji, nao wanasafiri kutafuta msaada na kuufahamu urithi wa wahenga wao. Kama Kamerun wameweza, sioni sababu ya sisi kushindwa.

Wala si lazima tungoje kompyuta. Shuleni kwetu simu haziruhusiwi, lakini karatasi, penseli na dadu hazikukatazwa, na mwaka 1974 vilitosha. Nashauri wenzangu wa bweni tujaribu mchezo wa mezani siku za Jumamosi jioni, baada ya usafi na kabla ya kujisomea. Wachezaji wawe wapagazi wanne wa mwaka 1917, kila mmoja na kabila lake, mzigo wake na siri yake. Mmoja wetu awe msimulizi. Kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote, maana hana budi kwanza kwenda maktaba, kumwuliza mwalimu wa Historia, na wakati wa likizo kukaa na babu au bibi aliyekulia Kariakoo. Mtu hawezi kuficha hadithi asiyoijua. Na wazazi mnaosoma jarida hili, mtoto akija likizo hii na daftari kuwauliza mtaa wenu uliitwaje zamani na nani alikaa nyumba ya pembeni, tafadhali mjibuni, hata kama itawabidi kwanza mumwambie, "Tupe mji."