Siku ya Mashujaa na Asili ya Jina la Kariakoo

Kila mwaka ifikapo Julai 25, Taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa kwa kuwakumbuka waliopoteza maisha wakiitumikia nchi. Kwa wakazi wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, siku hiyo ina uzito wa pekee, kwani jina la eneo lao ni kumbukumbu ya watu waliotumika vitani bila kushika bunduki.

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam, Septemba 1916, wapagazi hao walipigiwa kambi katika eneo hilo. Mtaa wa Kariokor, jijini Nairobi, nao ulipata jina lake kwa namna hiyo hiyo.

Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Hivyo chakula na risasi vilisafirishwa kwa vichwa na mabega ya watu, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa lazima. Makumi ya maelfu walifariki, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi, na wengi hawana kaburi linalojulikana.

Mnara wa Askari, uliozinduliwa mwaka 1927 katika barabara inayoitwa sasa Samora, unawaenzi askari Waafrika pamoja na wapagazi hao. Juu yake amesimama askari mwenye bunduki. Wapagazi wanatajwa katika maandishi yaliyo chini yake.

Maadhimisho ya kitaifa, ambayo kwa miaka mingi yalifanyika Mnazi Mmoja, jirani na Kariakoo, na katika miaka ya karibuni Dodoma, hutanguliwa na kuwashwa kwa Mwenge wa kumbukumbu usiku wa kuamkia Julai 25. Katika mnara, Rais na Amiri Jeshi Mkuu huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, na viongozi wa dini huwaombea marehemu.

Mashujaa wa Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 wana makaburi yao Kaboya, mkoani Kagera. Wapagazi wengi hawana hata jiwe lenye jina. Wanakumbukwa kila litamkwapo jina Kariakoo, iwapo anayelitamka anajua lilikotoka.