Wizi wa Maandishi Mbele ya Chuo na Mbele ya Sheria

Mwezi Februari 2011, Andreas Fischer-Lescano, profesa wa sheria huko Bremen, alibainisha kwamba tasnifu ya Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, ilikuwa na vifungu vya watu wengine ambao hawakutajwa. Wasomaji waliojitolea wakailinganisha ukurasa kwa ukurasa na vitabu na magazeti. Hata mwanzo wa utangulizi, mahali ambapo mtu hutazamiwa kusema kwa sauti yake, ulitoka gazetini. Tarehe 23 Februari Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua shahada ya udaktari, na tarehe 1 Machi akajiuzulu. Alidai kuwa alipitiwa tu. Mwezi Mei tume ya chuo ikaamua kwamba alidanganya kwa makusudi.

Hapa pana mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya. Chuo huadhibu udanganyifu: achukuaye wazo la mwenziwe bila kumtaja amekosa, ijapokuwa amelivika maneno mapya, na ijapokuwa mwenye wazo alikufa karne mbili zilizopita. Sheria ya hakimiliki hailindi wazo; hulinda namna lilivyoandikwa, tena kwa muda maalumu, ambao Ujerumani ni miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa hiyo waendesha mashtaka wa mji wa Hof, katika tasnifu ile ile, waliona vifungu 23 tu vya kushtakiwa, na hasara ya fedha wakaiona ndogo. Mwezi Novemba walifunga shauri kwa sharti kwamba alipe yuro 20,000 kwa shirika la kusaidia watoto wenye saratani.