Kengele ya Hatari Inapolia Angani: Je, Rubani Aiamini au Aipuuze?



Wengi wetu, wajumbe wa kamati na wafadhili vilevile, husafiri kwa ndege. Hutokea ndege ikageuza na kurudi kiwanjani kwa sababu taa ya hatari imewaka, kisha mafundi wakakagua na kukuta hakuna kilichoharibika. Abiria hunung'unika kuwa wamepotezewa muda bure. Katika toleo hili tumeona ni vema tueleze marubani hufanya nini kengele inapolia nao wakaitilia shaka, na kwa nini manung'uniko hayo hayana msingi.

Kwa nini kengele hudanganya?

Ndege ya abiria ina vipimo vingi vinavyotuma habari kwenye chumba cha marubani. Kipimo huweza kuharibika, waya ukalegea, au unyevu ukaingia. Vipimo vya moshi katika chumba cha mizigo, kwa mfano, huweza kudanganywa na vumbi au na unyevu unaotoka kwenye mizigo kama matunda na wanyama hai. Kwa hiyo kengele za uongo zipo, na marubani wanalijua hilo. Hatari ni kwamba ujuzi huo unaweza kumfanya mtu aizoee kengele, na siku inaposema kweli asiisadiki.

Fundisho la Agosti 14, 2005

Siku hiyo ndege ya shirika la Helios, aina ya Boeing 737, iliruka kutoka Larnaca, Kupro, kwenda Athens, Ugiriki. Ndege ikipanda juu sana hewa ya nje huwa nyepesi mno, hivyo mitambo husukuma hewa ndani ili watu waweze kupumua. Usiku uliotangulia mafundi walikagua mfumo huo, na swichi yake ikaachwa mahali ambapo mitambo haijiendeshi yenyewe. Marubani hawakuigundua.

Ndege ilipofika kimo cha mita 3,700 hivi, honi ililia. Honi hiyo ilikuwa na kazi mbili: ndege ikiwa chini, hueleza kuwa haijawekwa sawa kwa kuruka, ikiwa angani, hueleza kuwa hewa ndani inapungua. Marubani waliichukulia kuwa ni ile ya kwanza, ambayo haiwezi kuwa na maana yoyote ndege ikiwa imekwisha kuruka. Wakaendelea kupanda huku wakitafuta kasoro kwenye mitambo mingine. Ukosefu wa oksijeni huondoa akili polepole bila mtu kujitambua, na haukupita muda mrefu wakazimia. Ndege ilijiendesha yenyewe hadi mafuta yalipokwisha, ikaanguka karibu na Grammatiko, kaskazini ya Athens. Watu wote 121 walifariki.

Hatua iliyotakiwa ilikuwa ndogo: kuvaa barakoa ya oksijeni kwanza, kisha kuchunguza. Kama honi ingekuwa ya uongo, wasingepoteza chochote isipokuwa sekunde chache. Mwaka 2011 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za aina hiyo ziongezewe taa za kutofautisha maonyo hayo mawili.

Hatua wanazofuata marubani

Kwanza, ndege iendeshwe. Kengele yoyote inapolia, rubani mmoja hushika usukani na kazi yake ni kurusha ndege tu. Mwingine ndiye anayeshughulikia tatizo. Wote wawili wakiinamia taa moja, hakuna anayeangalia ndege inakwenda wapi.

Pili, onyo huchukuliwa kuwa la kweli hadi ithibitike vinginevyo. Yapo maonyo yasiyosubiri uchunguzi hata kidogo. Sauti ikisema kuwa ardhi iko karibu, usiku au ndani ya mawingu, rubani huinua ndege mara moja na maswali hufuata baadaye. Mtambo ukimwambia apande ili asigongane na ndege nyingine, hupanda, hata kama mwongozaji wa ndege aliye ardhini anamwambia ashuke.

Tatu, ushahidi hutafutwa mahali pengine. Kuuliza kipimo kile kile kilichotoa onyo hakusaidii. Ndege huwa na kipimo cha mwendo upande wa rubani mkuu, kingine upande wa msaidizi wake, na cha tatu cha akiba. Viwili vikikubaliana na kimoja kikapingana navyo, hicho kimoja ndicho kinachotiliwa shaka. Aidha, rubani anajua kuwa pua ikiinuka kiasi fulani na injini zikiwa na nguvu kiasi fulani, mwendo lazima uwe kiasi fulani.

Nne, kitabu cha hatua za dharura husomwa kwa sauti na kufuatwa. Rubani hategemei kumbukumbu peke yake wakati moyo unadunda.

Pale ushahidi ulipopuuzwa, na pale ulipotumika

Februari 6, 1996, ndege ya Birgenair, Boeing 757, iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Mrija unaopima mwendo upande wa rubani mkuu ulikuwa umeziba, na wachunguzi walishuku nyigu wanaojenga viota vya udongo. Kipimo chake kilionyesha ndege inakwenda kasi mno, na kengele ya mwendo kuzidi ikalia. Kumbe mwendo ulikuwa unapungua, na kipimo cha rubani msaidizi kilionyesha hivyo. Punde usukani ukaanza kutikisika kuonya kuwa ndege inakaribia kushindwa kubebwa na hewa. Onyo la kwanza lilikuwa la uongo, la pili la kweli. Marubani hawakuweza kuyatenganisha kwa wakati, na watu wote 189 walifariki.

Oktoba 7, 2008, ndege ya Qantas, Airbus A330, ilikuwa njiani kutoka Singapore kwenda Perth, Australia. Kompyuta moja kati ya tatu ilianza kutoa habari za uongo. Kengele zikalia kwa pamoja, moja ikisema mwendo ni mdogo mno, nyingine kuwa ni mkubwa mno. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ndege ilijiinamisha ghafla mara mbili, na zaidi ya watu 100 wakajeruhiwa. Rubani mkuu Kevin Sullivan na wenzake walishika usukani kwa mkono, wakalinganisha vipimo na vile vya akiba, wakatua Learmonth, kiwanja cha karibu. Watu wote 315 walifika wakiwa hai.

Ni vema ikumbukwe kuwa hata baada ya kujua kengele zinadanganya, hawakuendelea na safari hadi Perth. Kipimo kinachodanganya nacho ni ubovu. Ndege inapotua, rubani huandika kasoro hiyo katika kitabu cha ndege ili mafundi waichunguze, kwani kengele ya uongo isiyotengenezwa humfundisha rubani wa kesho kutosikiliza.

Hitimisho

Kosa la kuitii kengele ya uongo hugharimu mafuta, saa kadhaa, na pengine usiku mmoja hotelini. Kosa la kuipuuza ya kweli halina marekebisho. Hivyo basi, ndugu msomaji, ukiwa safarini na rubani akatangaza kuwa mnarudi mlikotoka kwa sababu ya taa moja iliyowaka, tulia kitini. Hata mafundi wakikuta hapana kitu, safari hiyo haikuharibika. Rubani amefanya kazi aliyofundishwa.