Sumukuvu: Istilahi na Tahadhari

Istilahi sumukuvu, iliyozoeleka nchini Tanzania, imeundwa kwa kuunganisha nomino mbili: sumu na kuvu. Yataja sumu itokanayo na kuvu inayoota katika mahindi na karanga zisizokauka vyema. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, iliwadhuru watu 317, na 125 miongoni mwao walifariki. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na wataalamu kutoka Marekani walishirikiana kuwachunguza wagonjwa na kupima mahindi ya majumbani na ya sokoni. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, walikufa watu 20 kati ya wagonjwa 68.

Ushirikiano wa namna hiyo wamhitaji pia mwanaisimu. Jina lafunza asili ya sumu, lakini laweza kupotosha: msikilizaji hudhani kuwa punje isiyoonekana kuvu ni salama, au kuwa kupika huiondoa sumu. Dhana zote mbili si sahihi. Huko Tenke, ambako bukari huliwa kila siku na mahindi mengi hutoka Zambia, onyo halina budi kutungwa kabla ya maafa, kwa Kiswahili kisemwacho mahali hapo.