Elimu ya jadi ya India iingie chuo kikuu kwa mlango wa ushahidi

Chukua 4, toa theluthi ya 4, kisha ongeza moja ya tano ya 4. Unapata 3.4667, bado mbali na pai. Sasa toa 12 gawanya kwa 37. Jibu ni 3.1423, na pai yenyewe ni 3.1416.

Hiyo 37 haikuokotwa. Umetumia vipande 3 (4, theluthi yake na moja ya tano yake): mraba wa 3 ni 9, mara 4 ni 36, ongeza 1. Na 12 ni hiyo 3 mara 4. Kanuni hii inahusishwa na Madhava, mwanahisabati wa Kerala aliyeishi kati ya karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15. Mfululizo wenyewe, wa kutoa na kuongeza vipande kama hivyo bila kikomo, ulimwengu umezoea kuuita kwa jina la Leibniz, Mjerumani aliyekuja zaidi ya miaka 200 baadaye.

Mnamo 1530 hivi, Jyesthadeva, mrithi wa shule ya Madhava, aliandika Yuktibhasha. Hakutumia Kisanskriti cha wasomi, alitumia Kimalayalam, lugha ya watu wa Kerala, na alieleza hatua kwa hatua kwa nini kanuni hizo ni kweli. Mwingereza Charles Whish aliwaarifu wenzake wa Ulaya kuhusu hazina hiyo katika makala ya 1834, lakini wengi waliipuuza.

Leo India imeamua kulipa deni la kupuuzwa huko. Sera yake ya elimu ya 2020 inataka maarifa ya jadi yafundishwe, na mwaka 2023 tume inayosimamia vyuo vikuu ilitoa mwongozo kwamba wanafunzi wahimizwe kupata angalau asilimia 5 ya krediti zao kutokana na maarifa hayo. Mwacha asili ni mtumwa, kwa hiyo naiunga mkono nia hiyo kwa moyo wote. Swali ni namna ya kuitekeleza.

Mzizi wa sarpagandha, mmea wa dawa wa India, unatupa jibu. Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, waliutumia kwa karne nyingi. Mwaka 1931 madaktari wa Kihindi, Sen na Bose, waliripoti kwamba unatuliza wagonjwa wa akili na kushusha shinikizo la damu. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha matokeo ya kuujaribu kwa wagonjwa wa shinikizo, na mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi wakatenga kiini chake, resapini. Ikawa miongoni mwa dawa za mwanzo za kisasa za shinikizo la damu. Utafiti wa aina hiyohiyo ulifichua madhara yake, ikiwemo sonona, na matumizi yakapungua. Mganga hakudharauliwa, na mgonjwa alilindwa.

Linganisha na Vymanika Shastra, kitabu kinachodaiwa kueleza ndege za India ya kale. Mwaka 1974 wanasayansi wa Taasisi ya Sayansi ya India, Bengaluru, walikichambua wakabaini kuwa kiliandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba vyombo vyake visingeweza kuruka. Hata hivyo, mwaka 2015 madai ya ndege za kale yalipewa jukwaa katika kongamano la sayansi la Mumbai. Madai kama hayo humwibia Madhava heshima yake, kwa kuwa msikilizaji huishia kumtilia shaka Madhava pia.

Kwa hiyo Madhava afundishwe ndani ya somo la hisabati, na uthibitisho wake uandikwe ubaoni, badala ya kutengewa kipindi cha kujisifu. Sarpagandha ifundishwe katika famasia, pamoja na madhara yake. Na fedha ziende kwa vijana wanaojua hisabati au tiba na wakati huohuo wanasoma Kisanskriti, Kimalayalam au Kitamil, maana miswada mingi ya kale iliyoandikwa kwenye majani ya mivumo haijasomwa na mtaalamu yeyote wa leo.

Jambo hili linatugusa nasi. Tangu 2023 IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, ina kampasi Zanzibar. Vijana wetu wanaosoma hapo wana haki ya kumjua Madhava, na ya kumdai mwalimu ushahidi.