Sukari ni ya Mwisho

Mwaka wa kwanza nilipojitia kuoka paja la nguruwe la Krismasi, niliipaka nyama asali na sukari guru tangu mwanzo, nikaifunika sufuriani, nikapalia makaa juu ya kifuniko kama mama anavyooka keki. Baada ya saa moja ganda lilikuwa jeusi, chungu kama mwarobaini, na kisu kilipozama ndani kilirudi na maji mekundu. Mama alichungulia, akacheka.

“Sukari ni ya mwisho, mwanangu. Kwanza iache nyama ilie, machozi yaishe.”

Tangu hapo kila Desemba namfuata mama neno kwa neno. Karafuu na nanasi natoa Kariakoo. Paja la nguruwe nalifuata mbali kidogo, nalifunga vizuri na kuliweka chini kabisa ya kapu. Natafuta pia paja la mbuzi kwa bucha yake, sufuria yake na kisu chake, kwa ajili ya majirani wa ghorofa ya juu, ambao Idd haijapita hata moja bila sinia la pilau kushuka kwetu. Mapaja yote mawili huiva kwa kanuni moja, na kanuni hiyo ina jina la mtu.

Louis-Camille Maillard alikuwa daktari na mwanakemia Mfaransa. Mwaka 1912 alitoa taarifa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris kwamba ukipasha moto glukosi pamoja na asidi amino, yaani vile vipande vinavyojenga protini, mchanganyiko hugeuka njano, kisha kahawia. Jiko halikuwamo mawazoni mwake. Alitaka kuelewa jinsi mwili unavyounda protini. Wapishi hawakuwa na habari naye, naye hakuwa na habari na wapishi.

Alichokiona ndicho kinachotokea kwenye ganda la mkate, kwenye mishkaki, kwenye kahawa inayokaangwa na kwenye kitimoto kavu. Sukari hushikana na protini, mshikano huo huvunjika na kuungana upya kwa njia nyingi, na kila njia huzaa harufu yake. Ndiyo maana nyama ya kuchemsha na ya kuchoma, hata zikitoka kwa mnyama mmoja, haziwezi kunukia sawa.

Sasa tuyarudie machozi ya mama. Mmenyuko huu hupamba moto kuanzia nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Maji, kwa sisi tulio usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 100, na maadamu uso wa nyama umelowa, hauwezi kupanda sana juu ya hapo hata ukipuliza makaa hadi mapafu yaume, kwa sababu joto lote linaliwa na kazi ya kugeuza maji kuwa mvuke. Anayekaanga kitimoto anaijua saa hiyo kwa sikio. Kwanza sufuria inatokota, sauti nzito. Maji yakiisha yanabaki mafuta, na sauti inageuka kuwa kali na kavu. Hapo ndipo rangi inapoingia. Mama naye huacha kifuniko wazi kidogo upande mmoja, mvuke upate pa kutokea. Mimi nilikuwa nimeuziba kabisa ule wa kwangu, kisha nikataka kuufukuza kwa kuongeza makaa.

Na kosa la asali? Asali imejaa glukosi na fruktosi, sukari mbili zilizo tayari kushikana na protini mara moja. Fruktosi peke yake huanza kubadilika kwenye nyuzi 110 hivi. Sukari ya kawaida, na sehemu kubwa ya sukari guru, ni sukrosi: glukosi na fruktosi zilizofungwa pamoja, na hazishiriki mpaka zifunguliwe. Juisi ya nanasi au ndimu, kwa uchachu wake na msaada wa moto, huzifungua. Kwa hiyo ukipaka asali mapema, inaungua wakati katikati ya paja bado kubichi. Ukiipaka dakika 20 za mwisho, juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, inang'aa.

Niseme jambo moja haraka, kwa kuwa ni nguruwe. Rangi ya nje haikuambii lolote kuhusu ndani. Kule Mbulu watafiti wamehusisha tegu wa nguruwe na kifafa, na malengelenge ya tegu yaliyojificha kwenye nyama hayaogopi asali. Yanaogopa joto lililofika hadi kwenye mfupa.

Ugunduzi wa Maillard ulikaa kabatini muda mrefu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vyakula vikavu vya askari, mayai ya unga kwa mfano, vilikuwa vikigeuka kahawia na kuharibika ladha ghalani bila kuona moto. Hapo watu wakaanza kuuliza. Mwaka 1953 John Hodge, Mmarekani Mweusi aliyefanya kazi katika maabara ya serikali huko Peoria, Illinois, alichora ramani nzima ya mmenyuko: hatua gani inafuata ipi, na kila moja inatoa nini. Ramani hiyo inatumika mpaka leo, na kwa maoni yangu jina lake lingestahili kukaa kwenye mmenyuko huo pamoja na la Mfaransa.

Yale mayai ya unga yalifunza jambo ambalo sufuria inalificha: moto mkali si sharti. Moto unaharakisha tu. Sukari na protini vikikaa pamoja muda wa kutosha, hata kwenye joto dogo, vitashikana. Na mahali ambapo sukari na protini vinakaa pamoja usiku na mchana, kwa nyuzi 37, ni ndani ya mishipa yetu.

Mwaka 1968 Samuel Rahbar, mtafiti wa Tehran, aliandika kwamba damu ya wagonjwa wa kisukari ina himoglobini ya namna fulani kwa wingi kuliko ya watu wengine. Ilikuja kueleweka kuwa ni himoglobini iliyoshikwa na glukosi, hatua ya kwanza ya kile alichokiona Maillard. Leo ndicho kipimo ambacho kwenye karatasi ya maabara kinaandikwa HbA1c, na ambacho kina mama kwenye foleni ya kliniki wanakiita kipimo cha miezi mitatu. Kikifika asilimia 6.5, daktari anaanza kuzungumza habari za kisukari.

Mama yumo kwenye foleni hiyo. Zamani alikuwa na ujanja wake: siku tatu kabla ya kliniki hagusi soda, hagusi chapati, na sukari ya kidoleni inatoka nzuri. Alipoanza kupimwa kwa kipimo hiki, ujanja ukafa. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na glukosi ikishakamilisha kuishika himoglobini, kwa kawaida haiiachii mpaka chembe yenyewe ife.

Krismasi iliyopita nilimkatia kipande kutoka katikati, mbali na ganda. Akakisukuma, akanyoosha uma, akachukua kona inayong'aa, ile yenye karafuu.

“Mama, na kliniki?”

“Kliniki ni Januari.”

Nikapiga hesabu kichwani. Chembe iliyozaliwa mwilini mwake siku ile ingekuwa bado inazunguka, na alama yake, hadi siku mbili tatu kabla ya sherehe za Muungano. Sikumwambia. Alikuwa ameshafumba macho anatafuna, na hodi ilikuwa inapigwa mlangoni: mtoto wa juu kaja kurudisha sahani ya mbuzi, imeoshwa, na juu yake kashata.