Mjukuu Wangu Ataka Kuwa Kinyozi wa Mbwa

Simu ililia baada ya isha. Alikuwa binti yangu, yule anayekaa Leicester, Uingereza. Hata salamu hakuimaliza.

"Mama, zungumza na mjukuu wako, mie nimeshindwa. Ameacha masomo ya uhasibu. Ati anataka kuwa kinyozi wa mbwa."

Nilicheka, sitaficha. Kisha nikasikia kwamba binti yangu analia, nikanyamaza.

Wasomaji wapenzi, mnajua neno hilo lina uzito gani majumbani mwetu. Mie nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, na mbwa kwetu alikuwa kitu cha kutupiwa jiwe kichochoroni. Sisi Washafi, umajimaji wa mbwa ukikugusa unaosha mara saba, moja yake kwa udongo. Marehemu babangu aliponipeleka sekondari ya misheni miaka ya sabini, sista mkuu alikuwa na mbwa mweupe aliyelala mlangoni mwa ofisi. Kila akininusa gauni, nilirudi nyumbani mbio na mama akanipa ndoo na mchanga. Watu mtaani walimwambia babangu kwamba bintiye atapotea kule kwa masista. Yeye alikuwa akijibu, "Amekwenda kusoma," basi, anaendelea na kahawa yake. Nilisoma, nikawa mwalimu wa sayansi, nikasomesha mpaka kustaafu.

Sasa nakaa Sharjah kwa mwanangu wa kiume. Mwezi wa tisa nikapanda ndege kwenda Leicester, binti yangu akidhani naenda kumsaidia kumkataza mtoto. Na kweli, ndivyo nilivyokusudia.

Mjukuu wangu ana miaka 21. Hakubishana nami. Alisema tu, "Bibi, njoo ukae dukani siku moja. Ukisema niache, tutazungumza." Alikuwa akifanya kazi pale siku za Jumamosi, kukosha mbwa na kufagia manyoya. Nikaenda, nikapewa kiti pembeni, mbali na maji. Nilijikunja na buibui langu kama niko ndani ya mashua.

Wa kwanza kuletwa alikuwa mbwa mzee wa aina ya cocker spaniel, masikio marefu yaning'iniayo. Mwenyewe ni mzee wa Kiingereza, mjane, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, hawezi tena kushika brashi. Nyuma ya masikio na kwapani manyoya yalikuwa yamesokotana mafundo magumu kama kamba kuukuu. Mie nilidhani atatiwa majini kwanza. Kumbe fundo likilowa hukaza zaidi, likavuta ngozi, na chini yake ngozi hukosa hewa ikafanya vidonda. Mjukuu wangu alianza na ncha za manyoya, akishika shina kwa vidole ili ngozi isivutike, akishuka kidogo kidogo. Palipokataa alipanyoa kwa mashine, na kila baada ya dakika chache akiigusa mashine kwa ngozi ya mkono wake mwenyewe. Nikamuuliza mbona. "Chuma kinapata moto, Bibi. Kinaweza kumchoma, na yeye hawezi kuniambia."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka moyoni.

Kucha pia zina elimu yake. Ndani ya ukucha mna nyama yenye damu. Ukucha mweupe unaiona, mweusi huioni, kwa hiyo unakata kijisehemu baada ya kijisehemu, na unga wa kuzuia damu uko karibu. Mchana akaja mama mmoja na mbwa wa aina ya husky, anataka anyolewe kipara kwa ajili ya joto. Mwenye duka akakataa. Mbwa huyo ana manyoya tabaka mbili, na yale ya ndani humkinga na baridi na joto pia. Ukiyanyoa huenda yasiote vizuri tena. Akachanwa tu, na manyoya yaliyotoka yangejaza mto wa kulalia. (Nilifikiria mahaski wanaotembezwa huku kwetu Sharjah mwezi wa saba juu ya lami. Maskini.)

Lakini sikuona mazuri tu. Mkononi mjukuu wangu ana kovu la meno. Ilipofika saa kumi alikuwa akishika kiuno kama mie. Vumbi la manyoya linaingia puani mchana kutwa, na barakoa huwa anaisahau, nikamgombeza. Pia nchini Uingereza sheria haimlazimishi mtu kuwa na leseni ya kunyoa mbwa. Yeyote anaweza kununua mkasi na kufungua duka. Lakini mnyama akiumia, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inaweza kumshika. Ndiyo maana nilimwambia: bila cheti, bila bima, usinitajie habari ya duka lako. Diploma ya kazi hii ipo, ya City & Guilds, daraja la 3. Akasema fomu ameshaijaza, anangojea ada.

Likabaki la dini. Tulikwenda sote watatu kwa imamu wa msikiti wao, binti yangu akiwa na hakika kwamba huko ndiko kesi itakwisha. Imamu aliuliza maswali mengi kuliko aliyojibu. Unafuga? Hapana. Unavaa nini? Glavu na aproni. Unaswali wapi? Akaeleza kwamba Wamaliki hawamhesabu mbwa kuwa najisi kama tunavyomhesabu sisi, lakini yeye kama ni Mshafi ajichunge: nguo za kazi mbali, ajikoshe ndipo aswali. Kumwondolea mnyama adha, akasema, hakuoni ubaya. Tukatoka, binti yangu hakusema neno mpaka kwenye gari.

"Na posa ikija, Mama? Niwaambie bintiangu kazi yake nini?"

Swali hilo sikulidharau. Najua watu wetu. Wako watakaorudi na posa yao mlangoni, na atakayeumia ni mtoto, si mie niliyekula umri wangu. Nilimwambia hivyo hivyo mbele ya mwanawe, nikamuuliza mjukuu kama ameliwaza. Akasema, "Nimeliwaza, Bibi. Uhasibu nilikuwa nikilia chooni." Mamake hakuwa amelisikia hilo kabla.

Nusu ya ada nimetoa mie kutoka akiba yangu, kwa sharti: afanye kazi chini ya mtu miaka miwili kabla ya kufungua lake. Binti yangu mpaka naondoka hakusema ndiyo. Ila asubuhi ya safari nilikuta kapu jipya la nguo mlango wa nyuma, lina mfuniko, na pembeni glavu za mpira pakiti nzima. Nilimuuliza ni la nani. Akaniambia nifanye haraka, teksi inangoja.